Mkanda wa jeshi hauui kwa kukutana

Juzi tena. Mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, kaingia kajifunga khanga kifuani, siku ya sita tangu malengelenge yatoke. Kuanzia mgongoni hadi chini ya titi la kushoto amepakwa dawa ya meno, imekauka na kupasukapasuka. Kila asubuhi ndugu zake walimpima kwa uzi, waone kama ncha mbili za mkanda zinakaribia kukutana.

"Daktari, zimebaki shibiri mbili. Ukikutana si ndiyo nakufa?"

Haukutani, mama. Virusi vya mkanda wa jeshi ni vilevile vya tetekuwanga. Ukipona utotoni haviondoki; vinajibanza kwenye vishina vya mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo. Kinga ikilegea, vinaamka kwenye kishina kimoja na kufuata mshipa wake hadi kwenye ngozi. Mshipa wa kushoto unahudumia kushoto, unakomea katikati ya kifua. Ndiyo maana mkanda unasimama pale kama umekatwa kwa wembe. Wapo wachache, kinga imeshuka mno, ambao malengelenge husambaa mwili mzima. Hao wako hatarini kweli, kwa sababu virusi vinaweza kufika kwenye mapafu na ubongo. Ncha kugusana hakuhusiki.

Kinachoniuma ni siku zilizoliwa na ule uzi. Asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivi, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7, inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatoke. Yeye nilimpa hata hivyo, maana malengelenge mapya yalikuwa bado yanachomoza. Kama ni dawa itakayomponya au ni mwili wenyewe, siwezi kuapa. Maumivu yanayobaki baada ya ngozi kupona, mengine miezi na miezi, ndiyo yanayoninyima raha: nikiandika amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, ya kunywa usiku, mmoja analala, mwingine anarudi hawezi hata kuvumilia shati ligusane na ngozi.

VVU tunapima, ndiyo, hasa kwa kijana. Lakini umri peke yake unatosha kuleta mkanda, kwa hiyo msimsengenye bibi wa watu. Funika vidonda, na mjamzito asiyewahi kuugua tetekuwanga asivikaribie.

Na malengelenge yakitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, usisubiri kesho. Jicho liko hatarini. Panda daladala, panda kivuko, mfikie daktari wa macho siku hiyohiyo.