Wake 700 wa Sulemani si ruhusa

Mjadala wa mitala ukianza, hakosi mtu wa kusema: "Mbona Sulemani alikuwa na wake 700 na masuria 300?" Idadi hiyo kweli imo, 1 Wafalme 11:3. Tatizo ni kwamba wengi huishia hapo. Sura hiyohiyo inasema wake hao waligeuza moyo wake akafuata miungu mingine, na Kumbukumbu la Torati 17:17 ilikuwa imeshamkataza mfalme kujizidishia wake. Kuandikwa kwa jambo si kusifiwa kwake.

Ila na upande wa pili, wanaopinga mitala, nao hutia chumvi. Torati haikupiga mitala marufuku, iliiwekea mipaka. Kutoka 21:10 inasema mwanamume akioa mke mwingine, asimpunguzie wa kwanza chakula, mavazi wala haki yake ya ndoa. Kumbukumbu la Torati 21 inamlinda mzaliwa wa kwanza wa mke asiyependwa asinyang'anywe urithi. Sheria kama hizo hutungwa pale watu wanapoumizana.

Na maumivu yenyewe yanaonekana. Soma 1 Samweli 1: mwaka baada ya mwaka Penina anamchokoza mke mwenzake Hana kwa utasa wake, Hana analia, hali chakula, na mume wao Elkana anamuuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. (Swali la mwanamume kabisa.)

Katika Agano Jipya, Yesu alipoulizwa kuhusu talaka alirudi kwenye Mwanzo: wawili watakuwa mwili mmoja. Paulo naye anataka askofu awe mume wa mke mmoja.