Je, wajua kwa nini ukishuti usiku chini ya taa video inapiga mistari?

Tulikuwa tunashuti filamu fupi kwenye mgahawa mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, saa mbili usiku, simu moja na taa ya tyubu juu ya meza basi, tumerudi geto kufungua kwenye laptopu tunakuta mistari myeusi inatembea juu ya picha nzima, na dada aliyeigiza keshapanda daladala zamani karudi kwao Uyole. Wote tukailaumu simu. Kumbe simu haina shida, ni sisi tuliiacha kwenye fremu 30, yaani picha 30 kila sekunde.

Iko hivi. Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde na kila wimbi lina vilele viwili, kwa hiyo taa nyingi za tyubu na zile LED za bei rahisi zinang'aa na kufifia mara 100 kila sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Shata, yaani ule muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ikifunguka kwa 1/50 ya sekunde inameza mipigo miwili kamili ya mwanga, ikiwa 1/100 inameza mmoja kamili, picha inatulia. Sasa simu ikiwa fremu 30 mara nyingi inajichagulia 1/60, hapo inameza mpigo mmoja na kipande, na kwa kuwa kamera inasoma picha mstari kwa mstari, kila mstari unapata mwanga tofauti, ndo hiyo michirizi.

Ndo maana mimi nasema 25. Fremu 25 na shata 1/50 vinaendana wenyewe, halafu 100 inagawanyika kwa 25 bila baki kwa hiyo hata ukikosea shata mistari inasimama palepale, haitembei. TV za Ulaya zilichukua 25 kwa sababu ya hizo hezi 50, Marekani wana 60 wakachukua 30, na simu nyingi zinakuja na mpangilio wa kule. Kwenye iPhone ingia mipangilio ya kamera uwashe PAL, yaani mfumo wa TV wa fremu 25, simu nyingine tafuta epu ya kamera yenye kuset kwa mkono. Na 24 je? Hiyo ni ya sinema, zamani filamu bubu zilizungushwa kwa mkono spidi yoyote, sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi mkanda upite kwa mwendo mmoja, wakakubaliana 24. Sio mbaya, ila shata ibaki 1/50.

Haya, 4K au 1080p? Hivyo ni vipimo vya ukubwa wa picha, 4K ina nukta kama milioni 8.3, 1080p milioni 2 na kidogo, yaani mara nne. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula MB 750 kwa dakika, kadi ya GB 64 haifiki hata saa moja na nusu, na laptopu ya RAM GB 4 ikianza kuediti hapo inaganda tu. Mimi kwa hela ndogo naenda 1080p, 4K naiweka kwa zile shoti najua nitazivuta karibu baadaye, maana unaweza kuikata picha ukabakiza robo yake tu na bado ukawa na 1080p safi. Ukungu wa asubuhi kama ule wa Njombe ndo unaumbua watu, simu ikiwa na megabiti chache halafu ukailazimisha 4K kila nukta inapata kidogo sana, ukungu unageuka viboksi viboksi.

Sloo (mwendo wa polepole) unayoitaka, labda mtoto anakimbia kwenye mashamba ya chai kule Mufindi, hiyo tu shuti fremu 50, ukiiweka kwenye taimlaini ya 25 kwenye programu ya kuediti inakuwa nusu ya mwendo. Usishuti filamu nzima 50, ndani ya nyumba inaweza kuwa giza maana shata haiwezi kukaa wazi zaidi ya 1/50, wakati kwenye 25 ukikosa mwanga unaweza kuifungua hadi 1/25.

Na kingine, simu nyingi fremu zake zinapanda na kushuka zenyewe wakati unarekodi, ukiwa umerekodi sauti pembeni baada ya dakika chache mdomo na sauti vinaachana, kwa hiyo kabla hujaanza kuediti geuza faili zote ziwe 25 kamili, HandBrake ni programu ya bure na ina sehemu ya kuchagua fremu zisizobadilika.