Kompyuta haitoki kiwandani na anwani ya intaneti

Wengi huamini kwamba kila kompyuta hutoka kiwandani na anwani yake ya intaneti isiyobadilika, kama namba ya chasisi ya gari. Dhana hiyo ina chanzo kinachoeleweka: kadi ya mtandao kweli hupewa namba kiwandani, iitwayo anwani ya MAC. Lakini namba hiyo hutumika ndani ya mtandao wa karibu tu. Haisafiri hadi kwenye tovuti unazotembelea.

Anwani ya IP, yaani hiyo anwani ya intaneti yenyewe, ni jambo jingine. Kompyuta ikijiunga na mtandao wa nyumbani huiomba ruta (kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti) anwani, nayo ruta huiazima moja kwa muda. Mara nyingi huanza na 192.168 au 10, na nyumba nyingi duniani hutumia anwani hizo hizo bila kugongana, kwa sababu hazitumiki nje. Huko nje, vifaa vyote vya nyumbani kwa kawaida huonekana kwa anwani moja ya IPv4 (toleo la nne la anwani za IP) kutoka kwa mtoa huduma. Uhaba ndio sababu kubwa: IPv4 ina anwani takriban bilioni 4.3 tu. Kwa kuwa vifaa vingi hushiriki anwani moja, kwa maoni yangu, si haki kumtuhumu mtu kwa anwani ya IP pekee.

Ukitaka kuhakikisha, fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta uandike anwani yake ya IPv4, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kutambua anwani. Kwa kawaida zitatofautiana. Hamia mtandao mwingine, uangalie tena.