Je, wajua kwa nini kidonge kimoja husambaratika kwenye kijiko cha maji na kingine hakitakiwi hata kuvunjwa?

Mtoto mwenye nimonia akipelekwa zahanati huko Bahi au Chamwino, huenda akaandikiwa amoksilini ya vidonge badala ya ile ya chupa. Mama huelekezwa akiweke kidonge kwenye maji safi kidogo, asubiri, kisha amnyweshe mwanawe. Hakuna haja ya kukiponda. Kinavimba, kinameguka pembeni, na ndani ya dakika 3 kimekuwa uji mweupe wenye chengachenga.

Wengi wakiona hivyo husema kidonge kimeyeyuka, na kwamba kila kidonge huyeyuka vivyo hivyo tumboni, kwa hiyo kukisaga ni kukirahisishia kazi. Sivyo. Amoksilini huyeyuka kwa shida sana. Maji ya kijiko kimoja cha chai hayawezi kuyeyusha hata robo ya miligramu 250 zilizomo kwenye kidonge. Kilichotokea pale ni kusambaratika tu, na sehemu kubwa ya dawa bado ni punje ngumu zinazoelea au kutuama chini. Mama akimwaga zile chenga akidhani ni makapi, amemwaga dozi yenyewe. Ndiyo maana huongezwa maji kidogo, chombo kikazungushwa, na mtoto akamalizia yote.

Kinachokivunja kidonge ni wanga maalumu uliochanganywa na dawa kiwandani. Anayejenga kwenye udongo mweusi wa mbugani hapa Dodoma anaujua mchezo wake: kiangazi umekauka na kutulia, mvua za kwanza zikinyesha unakunywa maji, unavimba, na kuta zinapata nyufa. Wanga ule nao hunywa maji, huvimba na kukisukuma kidonge kutoka ndani. Nguvu ni ileile, ila hapa mjenzi ameitaka nyumba ibomoke, na amepanga ibomoke lini.

Kupanga huko hupimwa. Maabara huweka vidonge 6 kwenye mirija yenye wavu chini, ikawa inapandishwa na kushushwa ndani ya maji. Cha kuchanganya na maji hupewa dakika 3, cha kawaida kisichopakwa kitu dakika 15. Vipo na vile vinavyotakiwa kukaa saa 2 kwenye asidi bila kupasuka, na hivi ni miongoni mwa visivyopondwa.

Erithromaisini ni mfano mzuri. Asidi ya tumbo huiharibu, ilhali dawa nyingi hufyonzwa mbele zaidi, kwenye utumbo mwembamba. Basi baadhi ya vidonge vyake huvikwa utando wa ajabu kweli: asidi kali haiuyeyushi, lakini ukifika utumboni, ambako asidi imepungua, unaachia. Ukikisaga kidonge cha namna hiyo umeuvua utando, na sehemu ya dawa itaharibikia njiani. Rangi au mng'ao havitakuonyesha kipi ni kipi, kwa sababu vidonge vingine hupakwa ili kuficha uchungu tu. Muulize mtoa dawa, au soma karatasi iliyomo kwenye boksi.

Dakika za maabara nazo si dakika za tumboni. Aliyeshiba ugali tumbo lake hukawia kumwaga chakula utumboni, na kidonge chenye utando husubiri nacho.

Hata dawa iliyokwisha kuyeyuka yaweza kuzuiwa mlangoni. Kalsiamu ya maziwa hushikamana na tetrasaiklini na siprofloksasini, na dawa iliyoshikwa hivyo hupita na choo bila kuingia kwenye damu. Kwenye kaya za wafugaji, ambako kikombe cha maziwa ndicho kilicho karibu, dawa hizo zimezwe kwa maji, maziwa yanywewe baada ya saa kadhaa. Amoksilini haina shida hiyo: mtoto anaweza kupewa hata ikiwa imechanganywa na maziwa ya mama yake.