Magneto iliyolala miaka: usiiamini mpaka ipate moto

Mzee mmoja wa Kikwajuni aliniita nikamtazamie Austin 7 ya miaka ya 1920 aliyoirithi, imekaa bandani tangu yeye kijana. Nilipofika nikamkuta keshaazima betri. "Fundi, moto upo huu hapa." Nikamwambia, "Irudishe tu, mzee. Cheche ya gari hili haitaki betri."

Magneto, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha injini, hujizalishia umeme wake. Ndani mna sumaku za kudumu, na katikati yake inazunguka amecha yenye koili mbili, moja ya waya mnene na moja ya waya mwembamba kama unywele. Platini, yaani ncha mbili zinazogusana na kuachana, zikiachana, umeme wa koili nene hukatika ghafla, na hapo ile nyembamba hutoa maelfu ya volti yanayoruka kwenye plagi. Swichi yake nayo ni kinyume cha swichi ulizozoea: kuzima ni kuupeleka umeme kwenye bodi ya gari. Ndiyo maana huanza kwa kuchomoa waya wa swichi. Panya akiutafuna, ukagusa chuma, magneto nzima imezimwa na wewe unahangaika bure na hendeli ya kuzungushia injini.

Lakini hendeli yenyewe isubiri. Amecha za zamani zilipakwa shelaki, aina ya vanishi, na shelaki haipendi unyevu wala joto, vitu viwili tulivyojaaliwa hapa Unguja. Hulainika, ikatoka kwenye nyuzi, ikagandisha amecha. Ukizungusha injini kwa nguvu utavunja kiungo cha magneto. Ile ya mzee niliifungua kiungo kwanza, nikaizungusha kwa vidole. Ilizunguka, ikawa inakaza na kuachia kila sumaku inapovuta. Dalili njema: sumaku zingali hai.

Platini zilikuwa na ukungu wa kijani. Nikazipitisha msasa laini, nikazipangusa, nikaweka nafasi ya milimita 0.3. Nikafunga, nikatoa plagi zote, moja nikailaza juu ya injini na waya wake. Hapa nasisitiza: waya wa plagi usiuache unaning'inia hewani. Umeme ukikosa njia utajitafutia ndani ya koili. Niliwahi kuiua koili ya mteja hivyo kule Wete, na mpaka leo nikikumbuka bei yake nakosa raha. Hendeli nayo ishike kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, ikirudi nyuma isikuvunje.

Tukafunga dirisha la banda kupata kiza. Cheche ikaruka, ya buluu, ina mlio. Mzee akapiga makofi. Mimi sikupiga.

Cheche ya magneto baridi haijanithibitishia kitu. Nikaing'oa, nikaiweka juani juu ya bati tangu saa nne mpaka adhuhuri, mpaka mkono hauwezi kukaa juu yake. Kisha nikaizungusha kwa drili, cheche ikaruka nafasi ya milimita 5. Dakika kumi hivi ilikuwa salama. Baadaye ikawa nyembamba, ya manjano, inakosa kosa, huku platini zenyewe zikirusha cheche nene. Hiyo ni kondensa, kifaa kinachozuia platini zisirushe cheche zinapoachana. Ikiwa baridi hujikaza, ikipata joto huvujisha. Gari kama hilo litakuwakia vizuri nyumbani, likuzimikie Bububu, ukisubiri lipoe linawaka tena, na watu watalaumu kaboreta wiki nzima.

Kondensa imefichwa ndani ya amecha, kwa hiyo lazima amecha itoke. Kabla ya kuitoa nililaza kipande cha chuma laini kuunganisha ncha za sumaku; sumaku za zama zile zikiachwa wazi hupungua nguvu. Nikatia kondensa mpya, nikairudisha magneto juu ya bati juani.

Safari hii nilizungusha nusu saa. Mzee alikaa kitako kwenye kiti cha miyaa, anahesabu kwa tasbihi kila cheche ikikosa. Hakusogeza punje hata moja.