Bibi akiteleza mara moja, msimfanye wa kukaa tu

Nyumba nyingi bibi akianguka mara moja tu basi, anaambiwa kaa hapo hapo usiinuke, kila kitu ataletewa, watu wanaona wamemsaidia kumbe ndo wanamuandalia kuanguka tena. Misuli ya mapaja isipotumika inanywea haraka, na balansi nayo inapotea. Tafiti zilizojumlishwa 2019 zilionyesha mazoezi ya balansi na nguvu za miguu yanapunguza kuanguka kwa karibu robo. Sio jimu jamani, ni kuinuka kwenye kiti na kukaa, mara kadhaa, mtu akiwa karibu. Halafu ile ndala iliyolika soli na kale kamkeka ka mlangoni kanakojikunja pembe, toeni. Dawa za presha na za usingizi pia muulizeni daktari, zingine zinaleta kizunguzungu akiinuka usiku kwenda chooni.