Sungura wa mtoni wa Karoo si sungura wa bandani, tuelewane

Kuna swali sisi wahifadhi tunaulizwa karibu kila wiki na kwa kweli limeanza kunichosha: "Si mkamate wawili watatu muwaweke bandani wazaane, halafu muwarudishe porini, yaishe?" Jamani. Huyu sungura wa mtoni, mnyama aliye karibu kutoweka anayeishi Karoo, nyanda kame za Afrika Kusini, ambaye wakulima wa huko wanamwita doekvoet, anabeba mimba siku 35 hivi halafu anazaa mtoto mmoja, akizidisha sana wawili. Mtoto anazaliwa hana manyoya, macho yamefumba, uzito gramu 40 hivi, na mama anamficha kwenye kishimo kifupi alichokitandika nyasi na manyoya yake mwenyewe, akitoka anaziba mlango kwa udongo na vijiti, ukipita juu yake huoni kitu. Kuwafuga kulishajaribiwa miaka ya 1980 na hakukuzaa matunda, kwa hiyo tuliache hilo.

Kesi yote iko kwenye hicho kishimo. Hakichimbiki kwenye mawe, kinataka udongo laini wenye kina ule unaoletwa na mafuriko kando ya mito ya msimu, na udongo huohuo ndio trekta linaupenda. Zaidi ya nusu ya makazi yake yameshakwenda. Kondoo nao wakizidi wanamaliza vichaka, na huyu mnyama anatembea usiku, mchana kutwa amejikunyata chini ya kichaka, sasa kichaka kikiisha anabaki wazi kwa mbwa na kwa kila mwenye meno. Halafu karibu wote wanaishi kwenye mashamba ya watu binafsi, maana yake bila mwenye shamba sisi hatuna la kufanya, na wengi wenu wenye mashamba mnajitahidi, hilo nalikubali.

Sasa vibali, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Ardhi ambayo haijalimwa kwa miaka 10 iliyopita inahesabiwa haijaguswa, hata kama babu yako aliwahi kupanda ngano hapo, na huwezi kuilima bila kibali chini ya Sheria Na. 43 ya 1983, ile ya kuhifadhi rasilimali za kilimo. Eneo la mafuriko la mto pamoja na mita 10 nje yake halilimwi bila ruhusa ya maandishi, nasema ya maandishi, sio "nilimwambia afisa mmoja akasema sawa". Mnyama mwenyewe analindwa na sheria ya bioanuwai ya 2004 na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, hivyo kumwinda, kumkamata, kumweka nyumbani, kumsafirisha, kumuuza na hata kumtoa kama zawadi, kila kimoja kinataka kibali chake. Faini inafika randi milioni 10, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. "Nilimwokoa tu" haikutoi, mpigie kwanza ofisi ya uhifadhi ya jimbo lako.

Tena tangu 2022 tuna ule ugonjwa wa virusi wa kutokwa damu wa sungura. Hauambukizi binadamu wala mbwa, lakini mzoga unakaa na virusi kwa muda mrefu na vinasafiri kwenye viatu na matairi. Ukikuta sungura wengi wamekufa ghafla, wengine damu puani, usiguse, usimpe mbwa, piga picha, chukua namba za GPS za mahali hapo kwenye simu, toa taarifa. Na wenye sungura wa kufuga, tafadhali msiwaachie porini, sijui nani aliwaambia hiyo ni huruma.

Mwisho, picha. Tunashukuru mnazituma ila nyingi ni za kitungule, mnyama mwingine anayefanana naye, ambaye kwanza huzaliwa na manyoya macho wazi, ukimkuta mtoto wake peke yake nyasini hajatelekezwa, mwache hapohapo. Wa mtoni ana mstari mweusi kutoka pembe ya mdomo kupanda shavuni kuelekea sikio, duara jeupe kuzunguka jicho, na mkia wa kahawia mtupu. Kitungule mkia wake ni mweusi juu, mweupe chini. Kwa hiyo tukipata picha ya masikio tu yanatokomea kichakani tutakurudia kuuliza mkia ulikuwaje, usikasirike.